Shukrani kwa Binti wa Fundi Saa

4 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama katika chumba chako kipya. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu sana. Bibi naye anakusalimu, na ameniagiza niandike kwa herufi kubwa kwamba MAGOTI YANAMUUMA, ili ujue kuwa tangu mwanawe afukuzwe mjini anapanda ngazi bila mtu wa kumshika mkono. Nilimkumbusha kwamba nyumba yetu haina ngazi, ina vidato viwili tu vya mlangoni. Akasema, "Viwili navyo ni ngazi. Au na wewe umeshakuwa mpima dunia?"

Baba ni mzima. Hakuniambia nikusalimu, lakini alijua naandika, akaniletea bahasha.

Leo ni wiki ya tatu tangu Baraza la Wazee lisome hukumu yako. Darasani wamemleta mwalimu mwingine. Anatusomea kitabu cha sayansi ukurasa baada ya ukurasa, na mtu akiuliza swali anaambiwa asubiri ukurasa wake ufike. Katika jumba la ibada kiti chako kimegeuzwa kikatazama ukuta, kama desturi ya Jumuiya ilivyo kwa mtu aliyetengwa. Bibi sasa anakaa kiti kilicho kando ya hicho, na anaweka mkoba wake juu ya kiti chako kana kwamba amekushikia nafasi.

Baba, kwa kuwa ndiye katibu wa Baraza, amenieleza kanuni. Aliyetengwa anaandikiwa na ndugu wa damu tu. Kwa hiyo shule nzima anayeweza kukuandikia ni mimi peke yangu. Niliandika "peke yangu" nikaifuta, kisha nikairudisha.

Mjomba, kuna jambo nataka kuuliza na usinicheke. Miezi yote ile ulipokuwa unashuka kwenye shimo la wafyatua matofali kuhesabu mistari ya udongo, mweupe wa kiangazi na mweusi wa mvua, kila jozi mwaka mmoja, ulimchukua Miwani, mwenzangu wa darasani, ahesabu pia. Mimi mlinikalisha juu na daftari. Kila mmoja wenu alihesabu mbali na mwenzake, akaandika namba yake kwenye karatasi, akaikunja, akanipandishia. Nikazikunjua, nikalinganisha, nikanakili. Miaka elfu tisa mia nne na kumi na mbili niliinakili kwa mkono wangu, wakati mafundisho yetu yanasema dunia yote ina elfu sita. Lakini hata mstari mmoja sikuwahi kuuhesabu. Kwa nini?

Mpwa wako


21 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika, imepinda pembe moja tu. Mwambie mama yangu kwamba nimeyasikia magoti yake kutoka huku, na kwamba vidato viwili kweli ni ngazi.

Nimepata kazi kwenye kiwanda cha sabuni. Napanga miche ya sabuni ndani ya makasha, ishirini na nne kila kasha. Mikono yangu haijawahi kuwa safi namna hii, na wenzangu wananiita Mtakatifu. Msimamizi aliniuliza nilikuwa nafanya nini zamani. Nikamwambia ualimu. Akasema, "Pole." Bado sijajua alinipa pole kwa kuuacha au kwa kuwahi kuufanya.

Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kwa hiyo mimi na kiti changu tunatazama kitu kimoja.

Miwani hajambo? Najua kanuni haimruhusu kuandika, lakini nilidhani angetia hata kikaratasi ndani ya barua yako. Yeye si mtu wa kuogopa kanuni. Umwambie namsalimu.

Na jambo la pili. Wazee walipoliweka daftari letu mezani mbele yangu, hawakusema nani aliwapa. Nimelala na swali hilo na kuamka nalo. Unajua lolote?

Mjomba wako


9 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama alikuwa na mafua, sasa amepona. Bibi amegombana na mwalimu mpya nje ya jumba la ibada. Alimuuliza, "Wewe ndiye unayesoma?" Mwalimu akafurahi, akasema ndiye. Bibi akamwambia, "Basi siku ukimaliza kusoma, uanze kufundisha."

Katika mitihani ya katikati ya muhula nimekuwa wa pili. Unajua wa kwanza ni nani.

Miwani ni mzima. Ana shughuli nyingi, baba yake amemwachia duka la saa mchana. Salamu zako nitamfikishia nikipata nafasi.

Kuhusu daftari, mimi sijui Wazee walilipataje. Ninachokumbuka ni kwamba wiki ile nilikuwa nimempelekea Miwani ahakiki namba za ukurasa wa mwisho, na alikaa nalo siku tatu.

Hukunijibu lile swali langu.

Mpwa wako


2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na unisamehe kuchelewa. Nilikuwa na homa, halafu nikawa na uvivu wa moyo, ambao hauna dawa dukani. Nimefurahi Mama yako amepona. Kuwa wa pili si kitu kibaya. Mimi nilikuwa wa tisa.

Barua yako ya Aprili nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Siku tatu. Sikutaka kuwaza hivyo juu ya yule mtoto. Lakini miezi mitatu imepita na hana hata neno moja kwangu, na wewe mwenyewe unaandika juu yake kwa shida, kama mtu anayeficha habari mbaya kwa huruma. Nakushukuru kwa huruma hiyo.

Sasa nikuambie kilichokuja. Mzee mmoja wa Baraza alisafiri hadi hapa. Alikaa juu ya kasha la sabuni, kofia magotini, akanisomea karatasi. Inasema hivi: hesabu ya mistari ilifanywa na mtoto wa shule, nami niliiamini bila kuikagua. Nikitia saini na kuisoma mbele ya mkutano wa Agosti, kiti changu kitageuzwa, nitarudi darasani, nitarudi nyumbani. Nilimuuliza itakuwaje kwa mtoto. Akasema ataondolewa shuleni, maana aliyempotosha mwalimu hawezi kuachwa akae na wanafunzi wengine. Nikasema nitafikiri. Wakati ule wa kwanza nilikuwa na hakika nitakataa. Sasa sina hakika, na naona aibu kukuandikia hivyo.

Uliuliza kwa nini hukuhesabu. Nilinyamaza kwa sababu mtu akiambiwa anaaminiwa huanza kuitazama mikono yake, na mkono unaotazamwa hutetemeka. Lakini kazi imekwisha, naweza kusema. Anayekunjua karatasi ndiye anayeweza kuharibu kila kitu. Akimnong'oneza mmoja namba ya mwenzake, kwa upendo tu, hesabu mbili zinakuwa moja na hatujui tena lolote. Wa kuhesabu ningempata popote. Wa kukunjua nilimpata mmoja.

Mjomba wako


19 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pole na homa. Sisi wazima.

Tia saini. Bibi anakuhitaji. Kila mtu hapa anakuhitaji. Miwani ana akili, hatakosa shule nyingine, na hata akikosa ana duka la saa.

Sina zaidi leo, nina kazi nyingi za shule.

Mpwa wako


11 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua fupi, lakini nimekuelewa.

Humu kiwandani kuna joto, na sabuni zinatoka jasho kama watu. Nimewaaga wenzangu nusu nusu. Mmoja ameniuliza kama Mtakatifu anarudi mbinguni, nikamwambia narudi kwa mama yangu, akasema ni pale pale.

Nitasaini. Mkutano ni tarehe 15 Agosti, nitafika kwa basi la asubuhi. Najaribu kujiambia kwamba aliyenisaliti kwa Wazee hanidai chochote. Usimwambie mtu, hata Bibi.

Mjomba wako


25 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Bibi ni mzima, Mama ni mzima. Nimeandika barua hii mara tano. Nne zilikuwa nzuri kuliko hii lakini hazikusema kweli.

Jana mchana Miwani alikuja mlango wa nyuma. Nilikuwa nafua. Alisimama na lile begi lake la turubai, mikono imepasuka pasuka kwa udongo, na miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Akasema, "Unamwandikia Mwalimu lini?"

Nikamwambia, "Sijui."

"Nimesikia Wazee wanamtaka mkutanoni. Mwambie aseme mimi ndiye niliyekosea kuhesabu."

Nikaacha kufua. Nikamuuliza, "Ulikosea?"

"Sikukosea. Nimerudi shimoni mara mbili peke yangu, namba ni ile ile. Lakini mimi ni mtoto. Mtoto akikosea anachapwa anasamehewa, mwalimu akikosea anatengwa. Mwambie aseme ni mimi."

"Watakufukuza shule, wewe."

"Wafukuze," akasema. Kisha akasema polepole, "Barua zangu hajajibu hata moja. Amenikasirikia nini? Wewe si unajua? Niambie."

Mjomba, unajua nilihisi nini? Sikuhisi huruma kwanza. Nilihisi wivu. Nilijiuliza kwa nini wazo hilo zuri la kujitoa kwa ajili yako limemjia yeye na si mimi. Hata katika ubaya wangu wote amenitangulia. Nilisimama na shati la Baba linatiririka maji miguuni pangu, nikamchukia kwa wema wake. Ndipo nikajiogopa.

Sasa nasema. Miwani alinirudishia daftari siku ya Alhamisi. Ijumaa mimi mwenyewe niliingia chumba cha Baba nikaliweka juu ya meza yake, katikati ya kumbukumbu za vikao vya Baraza, nikaliacha wazi kwenye ukurasa wa mwisho. Ukurasa ule ulikuwa na maneno haya: "Shukrani kwa binti wa fundi saa, aliyehesabu upya na kunionyesha kosa langu." Ulinipa ninakili sentensi ile kwa mwandiko wangu mzuri, na nikainakili. Kurasa mia mbili na sita niliandika mimi, Mjomba. Vidole vyangu vilikuwa na sugu. Nilifungua ukurasa wa nyuma nikidhani labda shukrani zangu ziko huko. Ulikuwa mtupu.

Sikutaka utengwe. Naapa. Nilidhani Baba ataona kuwa Miwani anashuka shimoni, atamwambia baba yake, atakatazwa. Nilidhani wewe utaonywa tu, halafu utahitaji mtu mwingine wa kuhesabu. Hayo ndiyo niliyofikiri, na ni ya kitoto, na mimi nina miaka kumi na sita.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nne za Miwani. Alinipa ya kwanza mwezi wa tatu nikutumie. Niliziweka ndani ya kitabu changu cha jiografia. Sikuzifungua. Sisemi hivyo nisifiwe.

Uliponiambia kwa nini hukunipa kuhesabu, nilifurahi siku nzima. Siku ya pili sikuweza kukifungua kitabu cha jiografia.

Usisaini.

Mpwa wako


18 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Bibi hajambo, ingawa hajazungumza nami tangu Jumamosi. Siku tatu sasa, na Bibi kunyamaza dakika tatu huwa tunamwita daktari. Mama anazungumza nami lakini kama mtu anayesoma orodha.

Sijui kama unazisoma barua zangu. Naandika vilevile.

Nilikuwa safu ya saba mkutanoni. Hukunitazama ulipopita, na sikutegemea. Shati lako lilikuwa na harufu ya sabuni, watu waligeuka. Mwenyekiti alipokupa ile karatasi uisome, uliikunja ukaitia mfukoni. Nilishika benchi kwa mikono miwili.

Ulisema, "Aliyeandika daftari ni mimi. Kosa likiwapo ni langu. Lakini halipo. Shimo liko palepale, na atakaye ashuke ahesabu."

Mwenyekiti akasema, "Unajua maana ya maneno hayo?"

Ukasema unajua.

Baba alikuwa anaandika. Nilimwona amesimamisha kalamu. Akakuuliza, "Niandike hivyo hivyo?"

Ukamwambia, "Andika hivyo hivyo, shemeji."

Jumba zima lilisikia neno hilo. Baba aliandika, lakini alichukua muda mrefu kwa sentensi fupi kama ile. Kisha wakasoma kwamba umetengwa maisha. Wanaume wawili wakakitoa kiti chako nje kabisa. Bibi aliinuka akafuata kiti, na magoti yake yale, mpaka uani, akakikalia huko nje mkutano ulipokuwa unaendelea.

Usiku huo nilimwambia Baba kwamba daftari nililiweka mimi, Mama na Bibi wakisikia. Akasema, "Najua. Nani mwingine anaingia chumba changu?" Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa ananoa penseli. Akaendelea kuinoa mpaka ikawa fupi.

Miwani nilimwambia siku iliyofuata, yote, pamoja na zile barua. Tulikuwa mlangoni kwa duka la baba yake. Akasema, "Nilidhani Mwalimu amenichukia."

Nikamwambia, "Alikuchukia. Mimi nilimfanya akuchukie."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, akairudisha, akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. Akaingia ndani. Hajafukuzwa shule. Wazee hawana karatasi ya kumfukuzia.

Sikuombi kitu.

Mpwa wako


30 Septemba

Mpwa,

Marahaba. Mimi ni mzima na kazini wamenirudisha. Mpe Mama yako salamu, na umwambie Bibi nimesikia habari za kiti.

Barua zako zote nimezisoma. Bahasha ya ndani si yako, mpelekee Miwani. Yako sijaweza kuiandika. Sijui itachukua muda gani, kwa hiyo usikae ukiisubiri.

Mjomba


12 Oktoba

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Bibi ameanza kuzungumza nami tena. Neno la kwanza lilikuwa "chumvi". Nilimpa kopo la chumvi haraka mpaka likamwagika, akasema, "Basi, basi, sijasema nimekusamehe, nimesema chumvi." Mama alicheka, kisha akajifanya hakucheka.

Bahasha niliipeleka siku ile ile. Ilikuwa nene. Niliipima mkononi njia nzima, na najua kurasa zako, unaandika kwa kukandamiza kalamu. Nilikadiria nne, labda tano. Yangu ilikuwa mistari mitano pamoja na salamu.

Miwani alikuwa peke yake dukani, amefungua saa ya mtu mezani, vigurudumu vyote vimepangwa juu ya kitambaa. Tulikuwa hatujazungumza tangu Agosti. Aliipokea kwa vidole viwili. Nilitaka kuondoka, lakini akasema, "Subiri, huenda kuna ya kujibu." Kwa hiyo nilisimama upande wa wateja wakati yeye anasoma.

Alisoma ukurasa wa kwanza amekunja uso. Wa pili alilia kidogo. Katika ukurasa wa tatu, chini kabisa, alicheka. Alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo, akasoma tena mahali pale pale, akacheka tena.

Nilitamani kujua umemwandikia nini, Mjomba. Nilitamani kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Karatasi ilikuwa wazi juu ya meza, na mimi najua kusoma mwandiko wako hata ukiwa juu chini.

Nilitazama saa za ukutani mpaka alipomaliza.

Mpwa wako